Niliapply Masters ya Hesabu, Nikaambiwa Nijitafutie Classmates

Wakuu, sasa.

Nimesoma nyuzi zenu za kutapeliwa na mawakala wa visa na wachumba wa mtandaoni, nikanyamaza. Leo wacha na mimi nitoe yangu. Sijatia chumvi hata kidogo, na ukiona kuna mahali ni kama nimetunga, jua hapo ndipo ukweli umezidi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya kutwa huko Kabazi. Hesabu ya kidato cha pili naifundisha hata nikiwa na homa. Nilichokuwa nataka ni ile hesabu yenyewe, ile niliyoionja mwaka wa nne chuoni ikaisha kabla sijashiba.

Sikuwa natafuta promotion. Nilitaka tu kuelewa. Najua kuna watu wameshaanza kucheka, chekeni taratibu.

Kuna chuo kimoja hapa hapa Rift Valley. Sitakitaja kwa sababu bado nakihitaji. Website yao ina picha ya msichana wa miwani anatabasamu mbele ya ubao uliojaa integrals, na chini yake wameandika: MSc Pure Mathematics, apply now.

Nikaapply now. Intake ya January. Nikalipa, nikapandisha vyeti, nikapata email ya kunipongeza kwamba application imepokelewa. Nilinunua soda siku hiyo, wakuu. Mtu mzima.

Baada ya hapo kimya. Shule zikafungwa, zikafunguliwa, kimya. Nikaamua kufunga safari hadi ofisi ya postgraduate. Pale nikampata mama mmoja mtulivu sana, tumwite Madam Rose. Akaingia kwa system, akanitafuta.

"Mwalimu, application yako iko sawa kabisa," akasema. "Shida ni uko pekee yako."

"Pekee yangu aje?"

"Course haianzi kama hamjafika wanne. Na siku hizi hakuna mtu anaapply pure maths. Wote wanaenda data science."

"Sasa nifanye nini?"

"Si uwatafute? Nyinyi watu wa maths si mnajuana."

Alisema hivyo bila kucheka. Yaani chuo kizima, kina bustani na chemchemi ya maji, kinanituma mimi nikawatafutie wanafunzi.

Na mimi nikaenda. Hapo ndipo mnaweza kunicheka vizuri.

Wa kwanza alikuwa deputy wetu shuleni, Mrs. Kamau, ambaye degree yake ni ya hesabu ingawa hajashika chaki tangu apewe ofisi. Swali lake lilikuwa moja. "Hiyo inahesabika kwa promotion?" Nikamwambia inahesabika. "Basi niandikishe. Inaitwa aje tena?"

Wa pili ni Cheruiyot, tulisoma naye first degree. Analima viazi, waru zetu hizi, huko Kuresoi na anataka kugombea kiti cha MCA, udiwani ule wa zamani. Huyo alitaka kujua kama poster inaweza kuandikwa MSc hata kabla ya kumaliza. Nikamwambia kwa siasa za Kenya sioni tatizo.

Wa tatu ni Manjit. Huyu ndiye alikuwa anatupiga sisi wote darasani, mpaka tulikuwa tunagombania nafasi ya pili kama ndiyo ya kwanza. Siku hizi anaendesha hardware ya baba yake Nakuru town. Nilimkuta anabishana na fundi kuhusu mabati.

"Pure?" akauliza. "Sio statistics?"

"Pure."

"Nitumie link."

Fundi akaendelea kungojea, yeye ameangalia simu. Siku hiyo niliona siko peke yangu duniani.

Nikawajazia form mwenyewe. Shambani kwa Cheruiyot network ni ya kuombea, na deputy alinipa password yake, ambayo ni jina lake na 123. Nikafungua group ya WhatsApp, mimi admin. Tukaingia intake ya September watu wanne wazima. Mimi si nilishaapply January? Kazi yangu kungoja.

Majibu yakatoka siku moja. Deputy akapost screenshot ya admission. Cheruiyot akapost, na picha yake ameshika waru. Manjit akapost bila maneno.

"Admin, wewe je?" Cheruiyot akauliza.

Mimi nilikuwa narefresh email kama mwendawazimu. Nilikuwa staffroom, na niliumia, sitaficha. Niliandika "hongera wote" halafu nikaenda kusimama nyuma ya maabara mpaka kengele ikalia.

Nikarudi kwa Madam Rose.

"Yako ililapse," akasema. "Ulikuwa wa January. Intake ya January haikuanza kwa sababu mlikuwa mmoja. Ikafungwa, na wewe ukafungiwa ndani."

"Basi niapply hii ya September."

"System inakataa. ID moja, application moja kwa mwaka."

"Kwa hivyo mtu yeyote Kenya hii anaweza kuapply isipokuwa mimi?"

Akanirekebisha. "Sio yeyote. Lazima awe na degree."

Halafu, wakuu, huyu mama akaniangalia kwa huruma ya kweli kabisa akasema: "Na bila wewe wamebaki watatu. Portal inafungwa Ijumaa. Hakuna mwingine unajua?"

Nilitaka kuiacha ife. Niliwaza, kama mimi siingii basi hakuna anayeingia, tukose wote. Lakini aliniambia pia course isipoanza safari hii itafutwa kwa website, na yule msichana wa miwani atapewa ubao wa data science. Hapo nikaona nikikasirika nitakuwa najikata mguu mwenyewe.

Nikamwendea shemeji yangu Evans, ana degree ya actuarial science na kazi yake kubwa ni kulala kwetu. Nikamwambia aapply au atafute pahali pengine pa kulala. Aliapply ndani ya nusu saa. Kijana ana akili akiamua.

Wakawa wanne. Darasa likaanza, Jumamosi asubuhi.

Nilienda. Hakuna aliyenialika, nilienda tu, nikakaa nyuma. Mwalimu ni Dr. Okelo, mzee ambaye amebakisha kidogo astaafu. Aliingia na suti iliyopigwa pasi ikaitika, na chaki zake mwenyewe kwa kipakiti. Akaangalia darasa. Darasa lilikuwa mimi.

"Wengine wako wapi?"

Nikamweleza. Deputy alikuwa anasimamia remedial, masomo ya ziada shuleni. Cheruiyot alikuwa anavuna. Manjit, Jumamosi ndiyo siku ya hardware, hawezi kutoka. Evans alisema yuko njiani, na sijui ni njia gani hiyo kwa sababu mpaka leo hajafika.

"Na wewe ni nani kwa list?"

"Mimi siko kwa list, Daktari."

Akaitazama list, akanitazama mimi, akaikunja.

"Miaka yote hii nimefundisha hii course kwa website pekee, darasani hakuna mtu," akasema. "Kuja mbele."

Sijawahi kukosa tangu siku hiyo. Na ile hesabu ni tamu, wakuu, ni tamu mpaka nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza nimekula nini. Napiga picha za ubao natuma kwa group. Deputy anajibu na emoji ya mikono. Cheruiyot anajibu na bei ya gunia. Manjit peke yake ndiye anauliza maswali, na Jumapili jioni napita kwao ananifanya nieleze kila kitu upya kwa chaki juu ya plywood, mpaka apate pahali nimekosea. Hupata kila wiki.

Juzi kulikuwa na CAT, ule mtihani wa katikati ya muhula. Siku hiyo ndiyo niliona darasa langu lote likiwa limekaa, isipokuwa Evans, aliyepiga simu kuuliza kama inaweza kufanywa online. Na mimi nilikaa, nikafanya, nikapeana karatasi.

Dr. Okelo alisahihisha zote. Manjit alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa wa pili. Deputy na Cheruiyot tuwaache walivyo.

Akanionyesha karatasi yangu. "Hii nitaiweka wapi sasa?"

Aliikunja akaitia kwa mfuko wa koti. Mimi ni mtu wa mzaha lakini hapo nilijifanya nafuta ubao.

Nikarudi kwa Madam Rose mara ya mwisho. Nikamuuliza kama mwakani naweza kujiunga nao.

"Mwakani uko huru kuapply," akasema. "Lakini hao watakuwa mwaka wa pili. Wewe utaanza na wapya."

"Wapya wakiwa wangapi?"

Hata hakuinua macho. "Wanne."

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Chuo cha namna hii usikimbilie kuwa mtu wa kwanza, kwa sababu wa kwanza ndiye anayeoza akiwangoja wengine. Na ukiona website inatabasamu, uliza kwanza ndani kuna nani.

Ila huu uzi si wa kulia. Natafuta watu watatu wenye degree ya hesabu. Sijali unaitaka ya promotion, ya poster au ya kukimbia shemeji. Darasani si lazima uje, nitakuwa huko kwa niaba yako. Notes nitatuma. Kama wewe huna degree, tag mwenye nayo.

Andikeni majina hapo chini.

Sharti langu ni moja tu: nyinyi watatu mtasubmit kwanza.