Maji ya waridi ya Bi Somoe na cocktail zangu za Mikindani

Wakuu, habari za humu. Walionizidi umri nawapa shikamoo, ingawa nadhani tumebaki wachache. Haya yalinipata mwenyewe, sina sababu ya kuyapamba.

Juzi kijana mmoja aliuliza kama maji ya maua yanafaa kwenye cocktail. Yanafaa sana. Ila mimi yalinipotezea mama.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa kaunta kwenye baa ya hoteli ndogo Mikindani. Kwetu Songea. Baba alikuja Mtwara kwa kazi ya bandari, mimi nikaishia form four.

Nilipanga chumba kwa Bi Somoe, mjane aliyeniita mwanangu.

Uani alikuwa na mawaridi madogo yenye harufu kali. Aliyachuma asubuhi mapema, akayachemsha kwenye sufuria yenye bakuli katikati, mfuniko ameugeuza na juu yake maji baridi. Mvuke ulidondokea bakulini, na hayo ndiyo marashi yake.

Kwenye maulidi ya wanawake, yeye ndiye aliyezunguka na mrashi, kile chombo cha shingo ndefu, akiwanyunyizia wenzake marashi viganjani. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake pale mtaani.

Kijana, andika hii: jini (gin), ndimu, asali kidogo, barafu, halafu matone machache ya waridi mwisho kabisa. Ukizidisha, mteja atadhani anakunywa sabuni. Mimi niliwanywesha wengi sabuni kabla sijajua.

Nilipomwomba chupa moja ya marashi yake aliuliza, "Ya nini, mwanangu?"

"Ya vinywaji vya wageni, mama."

Akaelewa sharbati. Nikamwacha aelewe hivyo.

Wageni walipenda mno. Jioni moja karani wa bandarini akanusa glasi yake. "Kaunta, hii inanukia harusi. Nani anaoa?"

"Subiri, sasa hivi atatufukizia na udi," akadakia mwenzake.

Watu wakacheka. Nami kwa majivuno nikasema, "Hayo marashi ya Bi Somoe mwenyewe, siyo ya dukani."

Jirani yetu mmoja alikuwa amekaa pembeni na soda yake. Yeye hakucheka.

Maulidi yaliyofuata, wanawake walimwambia Bi Somoe apumzike. Mrashi akapewa mwingine, umejazwa marashi ya dukani.

Nilimkuta barazani, buibui bado mwilini. Nikamweleza yote.

"Ungesema ni ya pombe ningekukatalia," alisema. "Tungenuniana siku mbili, yakaisha. Sasa wenzangu wanaamini nilijua."

Nikasema nitakwenda kuwaeleza.

"Wewe wa baa? Nani atakusikiliza?"

Wakuu, nililichukua neno lile kama ruhusa. Sikwenda. Nikahama kimyakimya, na miaka baadaye nikasikia amefariki. Mrashi hakurudishiwa.

Hadi leo nikipita penye waridi namkumbuka ameinama uani, ananiuliza kama nimekunywa chai.

Nilichojifunza: aliyekupa kitu chake mwambie kinakokwenda, hata kama atakunyima. Na ukimchafulia mtu jina, nenda ukamsafishe, wakusikilize wasikusikilize.

Uzi uko wazi. Wa cocktail ulizeni, wa kunisema nisemeni, nastahili.

Na wewe wa Mikindani unayesoma hapa, kama mama au bibi yako alikuwepo kwenye maulidi yale, naomba umfikishie hili kutoka kwa yule kaunta. Bi Somoe hakujua.