Kamera Iliyoshikwa na Mwingine

Hospitalini walimwita Mama Picha. Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha maiti wasiojulikana, ili ndugu wanaotafuta mtu wao watazame kwenye kompyuta kabla ya kuonyeshwa mwili wenyewe. Kila maiti alimfuta uso, akamlaza nywele vizuri, akamwambia, "Samahani, nakugeuza kichwa kidogo," kama anayeongea na mteja wa studio.

Kompyuta ilipochoka, shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliifufua kwa kuiwekea mfumo mwingine, Linux. Asubuhi iliyofuata Mama Picha akachomeka waya wa kamera. Kioo kikaandika: kamera haifunguki, inatumiwa na mwingine.

Mwingine nani? Chumbani alikuwa yeye na kijana aliyeopolewa mtoni, amelala kwenye meza ya bati, uso umevimba hata mamaye asingemjua.

Akahamishia waya tundu la pili. Jibu lile lile. Akampigia shemeji.

"Shem, kuna mtu kaishika kamera yangu."

Shemeji akacheka. "Hakuna mtu. Ni programu ya mafaili. Ukichomeka tu, inakimbilia kuifungua. Yako ikifika, inakuta mlango umefungwa. Bonyeza ile alama ya kuitoa kamera, kisha fungua programu yako. Waya usiuguse."

Akabonyeza. Picha zikaanza kushuka, uso mmoja baada ya mwingine. Akashusha pumzi.

Ndipo kamera, iliyokuwa imelala kando ya kompyuta, ikalia kacha!

Picha mpya ikatokea. Imepinda, nusu giza. Ukingo wa meza ya bati, na sikio la yule kijana, lenye pengo juu. Sikio hilo Mama Picha hakuwa amelipiga.

"Shem, hiyo programu yako inapiga picha yenyewe?"

"Haiwezi. Inafungua mafaili tu. Utakuwa umegusa kitufe."

"Kwa mkono upi? Mmoja una simu, mwingine uko kwenye kipanya."

Shemeji akasema atapita kuikagua.

Mama Picha alitaka kuifuta picha ile, kidole kikagoma. Mchana akaja mwanamke anayemtafuta mdogo wake. Alitazama nyuso zote, akatikisa kichwa, huyu siye, huyu siye. Alipofika kwenye picha iliyopinda, akaziba mdomo.

"Mbwa alimng'ata hapo akiwa mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Mama Picha akamshika bega, akampeleka kumwona.

Baadaye shemeji alikuja, akaizuia ile programu isijifungulie kamera tena. Akaikagua na kamera yenyewe: haikuwa imetegwa kupiga picha yenyewe. Akaiweka chini taratibu, akaaga bila kumaliza chai.

Watu walidhani Mama Picha ataacha kazi. Hakuacha. Ila siku hizi, akishachomeka waya, husogeza kiti nyuma, akaweka mikono mapajani, akasubiri kidogo.