Jua la Mwalimu Hashim

Mwalimu Hashim hakai kitako. Anaingia ofisini kwangu akiwa ashazunguka madarasa yote, na chai yake inapoa mezani pangu yeye bado anatembea. Mimi ni Mbeyu, karani wa shule, hapa Msambweni, na ndimi ninayempigia chapa ile karatasi yake ya mianzo ya insha. Kila mwanzo una jua: jua linachomoza kwa madaha, ndege wanatumbuiza, umande unameremeta. Watoto wanaikariri kama juzuu, na alama wanapata, hilo siwezi kumnyima.

Basi muhula uliopita stoo ya jikoni ikaungua. Feisal wa kidato cha nne alionekana pale, na Feisal anajulikana kwa sigara. Mwalimu mkuu akataka kumfukuza, na mtihani wa taifa umeshabisha hodi. Mtoto wa watu, jamani. Aliyesema moto ulianzia kwenye umeme ni mmoja tu, Tumu, binti mpole wa Shimoni. Akaambiwa aandike taarifa.

Nilipoisoma nikashika kichwa. "Jua lilikuwa limechomoza kwa madaha, ndege wakitumbuiza matawini, nilipoushuhudia moto uliotutia simanzi isiyo kifani." Umeme wenyewe haukutajwa.

"Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri," mwalimu mkuu akasema. "Huyu anatunga. Feisal aende kwao."

Hashim alijua maneno yale ni ya nani. Nilimkata jicho. Akaanza kuzunguka chumba, akaenda, akarudi, mpaka mwalimu mkuu akamwambia akae ama atoke. Akaomba asubiriwe mpaka adhuhuri.

Tukamwita Tumu ofisini kwangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nisimulie, mimi nitaandika."

"Niliingia stoo kumchukulia mpishi unga," Tumu akasema. "Swichi ya ukutani ilikuwa inatoa cheche, na waya wake unayeyuka. Gunia likashika moto. Feisal alikuja baadaye, na ndoo ya maji."

Hayo tu, na yalitosha kabisa. Hashim akainama kuandika, nami nikachungulia begani mwake. "Mbingu zilikuwa zimetanda mawingu mazito." Akakata. "Kiza totoro kilikuwa kimegubika." Akakata tena, jasho linamtoka. Nilikasirika, nakwambia, na papo hapo nikamwonea huruma.

"Mwalimu," Tumu akasema polepole, "mimi sikutazama mbinguni. Nilikuwa natazama waya."

Hashim akamsukumia karatasi na kalamu. "Andika wewe, hivyo hivyo ulivyosema."

Tumu akaishika kalamu, akaganda. "Nianzeje?"

Mtu aliyegawa mianzo miaka yote ile akakosa wa kumpa. Aliizunguka meza yangu, akasimama. "Anza pale ulipoingia stoo," akasema mwishowe.

Mwalimu mkuu alipoisoma taarifa hiyo alimwita fundi wa umeme, akamwonyesha swichi iliyotajwa. Fundi akaifungua, akasema moto umetoka humo. Feisal alifanya mtihani wake.

Jumatatu nilimpelekea Hashim karatasi mpya za mianzo mlangoni pa darasa. Hakuzipokea. Nikamwuliza sasa atawafundisha nini. Akasema hajui, wallahi, akaenda mpaka ubaoni na chaki yake, akarudi mlangoni. Watoto walikuwa wamefungua madaftari, kalamu mkononi, wanangoja jua.