Rili Iliyokwama Chakol

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cha pamba na kuambiwa nisiguse kitu kingine chochote. Aliyenipa alikuwa Mzee Swaleh, Opereta Mkuu wa jumba la sinema hapa Busia. Opereta ndiye aliyeendesha mashine ya kuonyeshea picha, na Mzee Swaleh aliianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa msichana kutoka Angurai, nimemaliza shule juzi tu, na Meneja hakunitaka.

"Mzee, huyu ni msichana. Atapanda ile ngazi ya juu na sketi?" Meneja aliuliza.

"Boss, uliniambia nitafute mtu mwenye mikono mitulivu," Mzee akajibu. "Nimempata."

Kwa muda mrefu nilifuta vumbi tu. Baadaye akanifundisha kazi yenyewe. Filamu moja haikai kwenye gurudumu moja. Hugawanywa katika magurudumu kadhaa tuliyoyaita rili. Tulikuwa na mashine mbili. Rili ya mashine ya kwanza ikikaribia kwisha, kidoa cheusi hutokea kwenye pembe ya picha, nawe unaiwasha ya pili. Hiyo tuliita kupokeza. Ukipokeza vibaya, watu wanapiga mbinja. Alinifundisha pia kuunga filamu iliyokatika: unakwangua ncha, unapaka gundi, unabana, unangoja. Sauti nayo imo humo humo, mstari mwembamba kando ya picha, kwa hiyo ukikata picha umekata na sauti. Mzee alikuwa akiunga vizuri kiasi kwamba hata mimi niliyesimama karibu naye sikuona mahali alipounga.

Mwishoni mwa miaka ya sabini ilikuja filamu ya vijana wa kizungu wanaoshindana kucheza dansi. Hadithi yenyewe haikuwa na maana. Watu walifuata wimbo uliokuwa katika rili ya mwisho. Haukuwa na gita wala tarumbeta. Ulipigwa kwa vinanda vya umeme, mdundo mmoja usiochoka kama cherehani, na juu yake sauti ya mwanamke. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Meneja alifunga spika ukutani nje, na wimbo ukasikika hadi mtaa wa Burumba. Nakala ya filamu ilikuwa moja tu, tukigawana na jumba la Malaba. Wao walianza mapema, na kila rili ilipokwisha kwao, pikapu iliikimbiza kwetu.

Mzee Swaleh alikuwa na mtoto mmoja, Zaituni. Mama yake alikuwa amefariki, naye aliishi kwa shangazi yake Tororo, ng'ambo ya mpaka, akifanya kazi ya kupiga taipu. Kila Jumamosi alivuka na rafiki yake Nora kununua sabuni na sukari, vitu ambavyo kwao vilikuwa vimeadimika, kisha akapanda kwetu kumsalimu baba yake. Alicheka kwa sauti kubwa. Alikuwa ameshona gauni fupi lililopasuliwa pembeni, kama la msichana aliyecheza wimbo ule kwenye filamu. Ng'ambo nguo za namna hiyo zilikuwa zimepigwa marufuku, kwa hiyo alilivaa upande wetu tu, na kabla ya kuvuka alipita nyumbani kwa baba yake Burumba kubadili.

Jumamosi moja mvua ilinyesha na pikapu ikakwama kwenye matope huko Chakol, njiani kutoka Malaba, na rili ya mwisho imo ndani. Watazamaji walikaa gizani wakisubiri. Mzee alitazama nje ya kidirisha, akaona jua linashuka.

"Zaituni, nenda mwanangu. Mpaka utafungwa."

"Baba, wimbo haujafika."

"Utausikia Jumamosi ijayo."

"Ngoja kidogo tu, Baba. Dada, hebu mwambie," akaniomba mimi, akicheka.

Rili ilifika imejaa matope kwenye mkebe. Tuliifuta, tukaiwasha. Zaituni alishuka akacheza kati ya viti, na watu wakampigia makofi. Wimbo ulipokwisha hakukuwa na wakati wa kupita Burumba. Alijifunga leso juu ya gauni, akamshika Nora mkono, wakakimbia. Mzee alimwangalia hadi akapotea kwenye watu.

Kesho yake Nora alirudi peke yake. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine, akashindwa kuingia.

"Walitusimamisha kwenye kizuizi," alisema. "Mwanajeshi mmoja akavuta leso. Akauliza tumetoka wapi. Zaituni akasema sinema. Akamwambia, basi tuimbie huo wimbo."

"Akaimba?" Mzee aliuliza.

"Aliimba, Mzee. Aliimba wote. Wakapiga makofi. Halafu mimi wakaniambia niende, yeye wakampandisha gari."

Mzee alivuka siku hiyo hiyo. Alienda kambini, akaenda gereza la Tororo, akaenda kwa kila mtu aliyesemekana kujua mtu. Kila mahali alijibiwa kwamba hakuna msichana wa jina hilo. Alirudi kazini kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Lakini filamu ilikuwa bado ipo, na kila siku tulifika rili ya mwisho. Mara ya kwanza alipunguza sauti hadi chini kabisa. Watu wakapiga kelele, Meneja akapanda mbio.

"Mzee, pole kwa yaliyokupata. Kweli, pole. Lakini wimbo ndio unaoleta watu hapa."

"Iondoe filamu, boss. Leta nyingine yoyote."

"Siwezi. Hiyo si amri yangu, ni ya mwenye jumba."

Niliomba kuiendesha ile rili mimi, yeye atoke nje. Akasema nje kuna spika.

Siku iliyofuata Malaba hawakuonyesha, rili zote zilikuwa zimelala kwetu, na Mzee aliwahi kazini kuliko mimi. Nilimkuta nyuma ya jumba, anaangalia kitu kinachoungua, moshi mweusi wenye harufu kali. Mchana, rili ya mwisho ilipoanza, yule msichana wa kwenye filamu aliingia ukumbi wa dansi, akainua mkono, na papo hapo picha ikarukia kituo cha treni, watu wanaagana. Wimbo haukuwepo. Hakuna aliyeona mahali alipounga. Watazamaji wakaanza kuvunja viti.

"Wimbo uko wapi?" Meneja alifoka.

"Nimeuchoma."

Polisi walimchukua Mzee, wakamweka ndani, wakamwachilia. Mwenye jumba alimfukuza. Na baada ya yote hayo, kabla hata viti havijatengenezwa, nakala nyingine ikaletwa kutoka Nairobi, mpya, haina hata mkwaruzo. Mimi ndiye niliyeiendesha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua. Kidoa kilitokea pembeni, nikapokeza, wimbo ukaanza.

Nilipotoka nilimkuta Mzee Swaleh amesimama chini ya spika.

"Umepokeza vizuri," aliniambia. "Sikusikia rili ziliposhikana."



Serikali ya ng'ambo ilipoanguka, magereza yalifunguliwa. Mzee alivuka tena, akasimama kwenye malango akitazama kila aliyetoka. Alikaa huko hadi nikadhani naye amepotea. Aliporudi, alikuwa amekonda, na hakumtaja Zaituni tena, wala mimi sikumuuliza.

Niliendelea na kazi. Nilihamishiwa Malaba, nikawa chini ya Meneja mwingine, mkali kuliko wa kwanza. Video zikaja, majumba yote mawili yakafungwa. La Busia likawa ghala la mahindi. Serikali ikaniajiri kwenye gari la sinema, nikawaonyesha wakulima filamu za mbolea na chanjo, hadi nikastaafu.

Vijana huniuliza kama naikumbuka kazi ile kwa furaha. Sina jibu la kuwapendeza. Nilifundishwa na fundi hodari kuliko wote, na leo hakuna mashine iliyobaki ya kutumia alichonifundisha.

Mzee alifariki mwaka ule ule niliostaafu. Wanaume walipokwenda makaburini, nilikaa ndani na wanawake wa Burumba. Waliokuja walisimama mlangoni wakiuliza, "Mfiwa ni nani? Tumpe nani mkono?" Hapakuwa na ndugu yake hata mmoja. Mwishowe wakanipa mimi.