Chumba cha mwanajeshi, na mwanajeshi hayupo

Jamani, niko mapokezi ya hoteli hapa Deira, Dubai, na watoto wangu wawili na nyanya yao, na hatuna pa kulala.

Mume wangu ni mwanajeshi huko Kenya. Alitupatia chumba cha bei nafuu kupitia klabu ya likizo ya familia za wanajeshi.

Jana likizo yake ikafutwa. Watoto wakaja leo na nyanya yao badala yake.

"Madam, mwanajeshi mwenyewe yuko wapi?" akauliza mhudumu wa mapokezi.

"Ameitwa kazini."

"Basi khalas, imekwisha. Bila yeye siwezi kuwapa chumba."

Mimi nafanya kazi hapa Dubai na nalala mtaa wa Satwa, wanawake sita chumba kimoja, wageni hawaruhusiwi.

Binti yangu, miaka miwili hatujaonana, ameniuliza polepole, "Mama, kwani wewe huna kwako?"



Mwenye chumba, hata cha siku mbili, tafadhali niandikie.