Mtihani Ulioikataa Kompyuta Yangu

Kompyuta yangu ilikuwa imechoka, hadi kaka yangu, fundi wa kompyuta huko Tanga, alipoiwekea mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuurekebisha. Kwa miaka miwili niliitumia kusomea ukunga kwa njia ya mtandao, nikitoka zamu kwenye zahanati ya kijijini kwetu, juu ya Bumbuli. Haikuwahi kunisumbua.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho wa muhula nilimwachia mama yangu mtoto, nikafungua ukurasa wa chuo. Kabla ya maswali, nikatakiwa nipakue programu ndogo ya kampuni fulani, inayokaa ndani ya kivinjari na kumwangalia mtahiniwa kwa kamera asiibie. Nikabonyeza. Likaja jibu kwamba mfumo wangu hautambuliki.

Nikaipigia simu kampuni. Alipokea kijana.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mtihani wangu unaanza baada ya nusu saa, na programu yenu inanikataa.”

Akauliza natumia mfumo gani. Nikamtajia.

“Huo hatuuhudumii, mama.”

“Mpeni kaka yangu hiyo programu. Ni fundi, ataitengeneza ikubali.”

“Leseni hairuhusu mtu wa nje kuigusa.”

“Basi tengenezeni wenyewe.”

“Watumiaji wa mfumo huo ni wachache mno. Jaribu kutafuta kompyuta nyingine.”

Alisema kama vile kompyuta zinachumwa shambani. Nilishuka mbio kwenye ukungu mpaka duka la kuchapa barua Bumbuli. Kompyuta ya pale ilikubali ile programu, lakini haikuwa na kamera. Mwenye duka alinivutia kiti. Nikakaa nikiangalia saa ya mtihani ikihesabu mpaka mtihani ukafungwa. Nimeshazalisha akina mama kwa mwanga wa tochi, mvua inavuja juu ya kitanda, na sikuwahi kujiona sina la kufanya vile.

Nilipompigia mkuu wa taaluma wa chuo, alisema maelekezo yalitolewa. Nikayasoma upya. Ni kweli, ukurasa wa mwisho, mstari mmoja ulitaja mifumo inayokubalika, na wangu haumo. Chuo kilikuwa kimeikabidhi kampuni mlango wa mtihani, na kampuni ikaamua nani apite.

Mwalimu mmoja wa Kwai, aliyekuwa akisoma kozi nyingine chuoni hapo, alikwama vilevile. Tukaandika barua moja, tukasaini wote wawili, nami nikaipeleka kwa mkono mpaka ofisi ya chuo mjini Lushoto. Nilimwambia mkuu wa taaluma sitoki mpaka nijibiwe. Alinisoma uso, akaisoma barua.

Wiki mbili baadaye tulifanya mtihani kwa karatasi na kalamu, tukisimamiwa na mama mmoja aliyekuwa anafuma sweta. Nilifaulu. Nyumbani walipika, wakanipongeza, nami nikashukuru, lakini hasira ilibaki palepale kifuani.

Muhula uliofuata tangazo la mtihani lilitoka, na programu ileile imo. Nilimpigia tena mkuu wa taaluma kabla sijamaliza kulisoma.