Programu yangu ilivyompunguzia Bibi waume, Unyambwa Singida

Wakuu, habari za humu.

Siku zote nasoma nyuzi za watu na kucheka peke yangu, leo acha na mimi nishushe ya kwangu. Ni ya kweli. Anayebisha aje hapa Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida, aulizie familia yenye wajukuu wa jina moja. Ataonyeshwa nyumba.

Iko hivi.

Bibi yangu mzaa baba ni mzee sana na macho yamefifia. Mwaka huu alisema hataki kitenge wala blanketi, anataka awaone wajukuu zake wote hapo uwanjani kwake akiwa bado anajielewa. Shangazi, binti yake mkubwa, akawa mwenyekiti wa kamati. Mimi kwa kuwa nimesoma IT, nikatupiwa kazi ya majina.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila mjukuu atume jina lake kwa sms, sisi tumjibu kwamba tunamtegemea.

Sasa ndugu zangu na laini za simu ni balaa. Leo ana hii, kesho ile, na kila akibadilisha laini anatuma tena, kwa mwandiko mwingine. Dada yetu Zainabu peke yake alikuja kama Zainabu, Zenabu na Zaynab.

Nikasema hapa ndipo elimu inapofanya kazi. Nikaandika programu yenye vipimo viwili. Cha kwanza kinaangalia matamshi, yaani majina yanayosikika karibu sawa yanaingia kapu moja. Cha pili kinahesabu ni herufi ngapi ubadilishe ili jina hili liwe lile (edit distance kwa wale wa fani). Zikiwa chache, programu inasema huyu ni mtu mmoja na kufuta marudio.

Wakuu, ilifanya kazi vizuri mno. Kina Zainabu wakawa Zainabu mmoja, nikajiona fundi kwelikweli.

Kulikuwa pia na Mughenyi, Mugenyi, Muhenyi na Mgenyi. Hiyo gh ya Kinyaturu kila mtu anaiandika anavyojisikia. Kaka yangu anaitwa Mughenyi na kwa kubadilisha laini hajambo, nikajua ni yeye tu anatusumbua. Programu ikawafanya mmoja, mimi nikaona sawa kabisa.

Kumbe nimeharibu.

Babu yetu marehemu aliitwa Mughenyi, na kwetu kila nyumba mjukuu mmoja wa kiume anapewa jina la babu. Kila mtoto wa Babu alimzaa Mughenyi wake. Yuko wa Misigiri, wa Manyoni, wa Itigi, na huyo kaka yangu niliyelala naye kitanda kimoja tangu utotoni. Bibi wote anawaita "mume wangu", ndiyo utani wake. Haya yote nayajua tangu nazaliwa, lakini mbele ya laptop yalinitoka.

Shangazi alipomsomea Bibi majina ya wanaokuja, mama wa watu alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza:

"Waume zangu wengine mmewapeleka wapi?"

Nikakimbilia laptop.

Wale niliowafuta hawakupata jibu lolote kutoka kwetu, na walishaanza kunong'ona kwamba kamati imewakata. Nikawapigia mmoja mmoja. Wa Misigiri na Manyoni walinicheka weee, yakaisha. Wa Itigi aligoma. Alisema kama ukoo haumhesabu, na yeye hauhesabu. Na huyo ndiye Bibi aliyemlea.

Nikaenda kwa Bibi, shikamoo, nikamweleza ukweli wote. Sidhani kama alielewa mambo ya programu. Aliomba tu simu. Akamwambia yule wa Itigi, "Mume wangu, kama umeoa mwingine huko sawa, ila mlenda wangu uje ule."

Upande wa pili nikasikia jamaa anacheka huku anavuta kamasi.

Siku ilipofika wakaja wote. Tumekaa uwanjani, kelele tupu, Bibi kwenye kiti chake hatofautishi sura. Akaita kwa nguvu, "Mughenyi!"

Wakaitika wote kwa pamoja.

Bibi alicheka mpaka machozi, akajifuta na kanga. Akasema, "Babu yenu nilikuwa namwita hadi sauti inakauka ndipo aitike. Leo nimeita mara moja tu."

Wakuu, mimi ni mwanaume lakini nilizunguka nyuma ya nyumba kidogo.

Nilichojifunza: siku hizi programu yangu haifuti mtu. Inaniletea majina yanayofanana, mimi napiga simu na kuuliza wewe ni wa nani. Inachelewesha kazi, poa tu.

Sasa semeni na nyie. Kwenu jina la babu mmegawana wangapi? Na ma-developer mnaotaka kunisimanga kwa kutoangalia namba za simu, karibuni, kaka yangu ameshanisimanga vya kutosha.